Kitanda Usichokilalia

Njoo ukae hapa, mdogo wangu, na hiyo simu igeuze chini kwanza. Picha nimeshaiona. Tangi kama boga lililoiva, siti iko chini kama mbuzi ya kukunia nazi, sailensa mbili zinang'aa hadi mtu anaweza kujipaka wanja kwa kujitazama mle. Umeipenda, na sikulaumu. Hata mimi niliitazama mara mbili hadi ugali ukashika ukoko. Lakini umeniandikia mistari minne tu: ya zamani imekwisha, hela ipo, muuzaji anasema kuna wateja wengine wawili wanakuja kesho, dada unasemaje? Dada anatafuta neno moja katika mistari hiyo na halioni. Umeiendesha? Hukuandika. Na ninavyowajua wadogo zangu, jambo mlilokwisha kulifanya hamwachi kulitangaza.

Usione aibu. Wengi wanaonijia na habari za pikipiki wamelipa kwanza ndipo wanauliza, kama mpishi anayeulizia kiasi cha chumvi wageni wakiwa wameshanawa mikono. Wewe umeuliza hela ikiwa bado mfukoni. Hapo tayari umenizidi akili niliyokuwa nayo mimi, na habari yangu nitakupa, usiwe na haraka.

Tuelewane jina kwanza. Ukisema "kruza" Dar es Salaam, mtu anageuka kutafuta Land Cruiser ya serikali aipishe. Mimi nasema zile pikipiki ndefu za kukalia chini, mikono imepanuka, miguu imenyooshwa mbele kama mzee kwenye kiti cha uvivu. Bibi yao mkubwa ni Harley-Davidson wa Milwaukee, Marekani, aliyepo tangu 1903. Kwetu bibi mwenyewe tunamwona mara chache. Tunaowaona ni wajukuu wa Kijapani na Kihindi: Yamaha Virago 250, DragStar ya 400 na ya 650, Honda Shadow, na Bajaj Avenger iliyoingia sokoni India mwaka 2005 ikiwa imerithi sura ya Kawasaki Eliminator. Zote nzuri. Nasema zote nzuri ili usije ukaniambia dada ana chuki na kruza. Pikipiki nzuri inaweza kuwa si yako, kama vile kaka wa watu anavyoweza kuwa mtu mwema kabisa na bado usiolewe naye.

Sasa habari yangu. Ya kwanza ilikuwa Virago 250. Nyepesi kwa kundi lake, kama kilo 150 hivi, siti yake milimita 685 kutoka ardhini, na sisi tuliojaliwa ufupi tukikaa pale nyayo mbili zinatua chini barabara. Nilikaa nayo miaka mitano. Siku moja nilikwenda msibani Sinza, nikaiacha nje ya geti, nikatoka baada ya dua nikakuta doa la oili tu. Loo, mdogo wangu! Waliofiwa ndio walionipa pole mimi.

Nikakaa wiki mbili napanda daladala nimenuna. Wiki ya tatu mtu akanionyesha DragStar 400, nyeusi, imetoka Japani. Akapiga stata, nikasikia ule mngurumo wa silinda mbili zilizotanuka kama mkasi, na moyo ukaniambia: imerudi! Yule marehemu wangu amerudi, tena amenenepa. Nikaomba kuijaribu. Muuzaji akasema barabarani hakuna bima, zungusha humu humu uani. Uani palikuwa na mwembe. Nikazunguka mwembe mara mbili, nikashuka, nikahesabu pesa.

Raundi mbili za mwembe, mdogo wangu. Hata mbuzi wa Idi watu humkagua zaidi ya hapo. Wanamfungua kinywa, wanamtazama meno.

Jumatatu yake nikaingia nayo foleni ya Kimara kwenda Ubungo. Injini ile inapozwa kwa upepo, na kwenye foleni upepo hakuna, kwa hiyo silinda ya nyuma ikaanza kunipikia paja. Nikavumilia. Nikafika kituo cha mafuta, nikakata kona kuingia, taratibu kabisa, na usukani ukaniangukia upande mmoja kama kichwa cha mtoto aliyesinzia mgongoni. Virago ningeizuia kwa mguu. Hii ina zaidi ya kilo 200; mguu wangu ulifika chini vizuri sana, ukashuhudia vizuri sana pikipiki inavyolala. Vijana wanne wakaja kuinua. Mmoja wao, dereva wa boda, akaniambia kwa heshima zote: "Dada, hii siyo ya mjini." Miezi minne baadaye niliiuza, na hasara yake ingenunua friji.

Pikipiki haikuwa na kosa hata moja. Nakuomba ulishike hilo kwa sababu ndilo lililonileta hapa. Injini nzima, karatasi safi, muuzaji hakunidanganya neno. Mimi ndiye niliyekwenda kununua kilio changu, nikakuta kinauzwa.

Na wewe nakuona uko njia hiyo hiyo. Mtu anayenunua pikipiki ya kwanza anaogopa, na woga unamfanya aulize. Anayenunua ya kuziba pengo haogopi, anadhani anajua. Mkono wake umezoea klachi ya zamani, mguu umezoea kikanyagio cha zamani, macho yanatafuta sura ya zamani. Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wazee, na mwenye pengo moyoni kidonda hakioni kabisa. Kwa hiyo ukienda kuijaribu hii mpya, dakika kumi za mwanzo usiziamini. Hizo ni za marehemu. Utasema "hii nzito" kwa sababu ile ilikuwa nyepesi, au "hii tamu" kwa sababu ile ilikuwa imechoka shokapu. Subiri mwili uache kulinganisha ndipo uulize.

Kuna hatari pia hapo, si hisia tu. Kama umetoka kwenye Boxer au TVS, breki ya mguu ulikuwa nayo karibu chini ya goti. Kwenye kruza nyingi imesogezwa mbele. Siku mtoto akikatiza barabara, mguu hautakumbuka umenunua nini. Utakanyaga pale pa zamani, na pale pa zamani sasa pana hewa. Nimeliona hilo kwa macho yangu kwa mtu aliyeendesha miaka kumi na mbili bila mkwaruzo. Kwa hiyo kabla hujagusa barabara kubwa, tafuta kiwanja au barabara ya mtaa iliyotulia, simama na kuondoka, simama na kuondoka, mara ishirini, mpaka mguu uache kubahatisha. Muuzaji akicheka, mwache acheke, meno ni yake.

Haya, siku yenyewe. Nenda asubuhi mapema, na mwambie muuzaji jana yake: usiiwashe mpaka nifike. Ukifika, kabla ya salamu kwisha, weka kiganja karibu na injini. Ikiwa ya moto, mtu ameiamsha ili usiione inavyoamka, na inayoamka vizuri haiamshwi kwa siri. Rudi nyumbani, au kunywa chai huko mpaka ipoe kabisa. Injini baridi husema ukweli kama mtu aliyeamshwa usingizini. DragStar na Virago za zamani zina kabureta, kwa hiyo usishangae ikidai choki na kugugumia kidogo. Tazama moshi. Mvuke mweupe unaokatika baada ya muda mfupi ni baridi ya asubuhi tu. Moshi wa buluu unaoendelea ni oili inaungua ndani, na hiyo ni kazi ya kufungua injini. Mweusi ni mafuta yanazidi, hapo mara nyingi fundi wa kabureta anatosha. Zikiwa ni zile zinazopozwa kwa maji, kama Shadow, moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto ni habari nyingine, aga uende.

Halafu kaa juu yake na usiende popote. Dakika tano nzima. Inyanyue kutoka kwenye stendi, iache isimame katikati ya miguu yako, iinamishe kidogo kushoto, kidogo kulia, uone ni wapi uzito unapokushinda. Hapa ndipo siti ya chini inapodanganya watu, hasa sisi wafupi: nyayo zinatua, tunafurahi, tunadhani tumeishika. Kufika chini ni jambo moja, kushikilia kilo 200 zikiamua kulala ni jambo jingine. Shuka, isukume mbele, irudishe nyuma, na kama pana mwinuko irudishe kwenye mwinuko. Unaishi Kigamboni na unavuka kwa pantoni? Basi ifikirie ile njia ya chuma ya kuingilia, imelowa, watu wamekubana kushoto na kulia, mama ana ndoo ya dagaa mbele yako, na wewe unalisukuma joka hilo kwa vidole vya miguu. Kama uani kwa muuzaji unahema, kule utaita jina la mama yako.

Tena usisahau kutazama namba nne zilizopigwa ubavuni mwa tairi. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na meno yote na bado imezeeka na kukauka kwa sababu pikipiki ilikaa ghalani, na kruza nyingi hukaa ghalani. Wenye nazo huzitoa Jumapili tu. Fungua tangi umulike ndani kwa tochi, utafute kutu. Futa shokapu za mbele kwa kitambaa cheupe, uone kama kinatoka na oili. Zilizobaki mwachie fundi, nawe nenda na fundi wako, si wa muuzaji. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, sembuse fundi aliyeahidiwa soda na mwenye mali.

Nikuchomekee moja ambayo wengi hawaijui. Kule Japani, pikipiki za zaidi ya cc 250 hulazimika kupita ukaguzi wa serikali kila baada ya muda. Za cc 250 kushuka hazilazimiki. Na zile 400 zipo nyingi kwa sababu leseni yao ya kawaida ya pikipiki inaishia cc 400. Kwa hiyo mtu akikuapia kwamba 250 yake "imekaguliwa Japani", mwombe karatasi kwa upole. Haimaanishi ni mbovu. Maana yake ni kwamba mkaguzi wake wa kwanza huenda ukawa wewe.

Sasa barabarani, na hapa nataka unisikilize kuliko kote. Ijaribu kwa ajili ya Jumatatu. Najua kilichoko kichwani mwako: ni Jumapili, unakwenda Bagamoyo na mwenzio kakukumbatia nyuma, upepo wa bahari, watu wanageuza shingo. Au unakwenda Morogoro na wenzako, mnasimama Chalinze kula nyama. Jumapili hiyo ipo, Mungu akujalie uione. Lakini hesabu nawe: mwaka una Jumapili 52, na siku za kazi karibu 300. Watu huijaribu kruza kwenye kipande kilichonyooka, asubuhi ya Jumapili, barabara tupu. Kwenye kipande hicho hakuna kruza mbaya duniani! Hata kochi la sebuleni ukilitia magurudumu litakwenda vizuri pale.

Ijaribu kwenye njia yako ya kila siku, saa yako ya kila siku. Ukae nayo kwenye foleni robo saa, ukiwa umebana klachi, uone kama vidole vinakufa ganzi na kama paja linaiva. Ujaribu kupita palipobana, maana usukani wake ni mpana na vioo vimetoka nje kama masikio ya tembo. Kijana wa Boxer atapenya mbele yako nawe utabaki unahesabu mabasi. Wala usijidanganye kwamba utachepuka njia ya mwendokasi. Askari wanakungoja kule, na kruza haijifichi. Ugeuze barabarani, geuza kamili, taratibu, kwenye barabara ya mtaa. Pikipiki hizi ni ndefu na uma wake wa mbele umelazwa, kwa hiyo zinataka nafasi kubwa kugeuka. Kama umelazimika kurudi nyuma mara tatu mtaa mzima ukitazama, jiulize kama uchochoro wa nyumbani kwako utakuonea huruma.

Halafu matuta. Jamani matuta! Waliochora kruza waliwaza barabara za Marekani zilizonyooka hadi macho yachoke, hawakuwaza Mbezi. Tumbo lake liko chini, na shokapu za nyuma ni fupi kwa sababu siti imeshushwa. Tena miguu ikiwa mbele huwezi kujiinua kidogo kama ufanyavyo kwenye pikipiki nyingine, kwa hiyo kila tuta linakuja moja kwa moja kwenye mkia wa uti wa mgongo, bila hodi. Panda tuta ukiwa peke yako, kisha panda lile lile ukiwa na mtu nyuma. Ukisikia chuma kinakwaruza chini, usimtazame muuzaji, ameshasikia. Njia ya kwetu kama ni hiyo kila siku, utabadilisha sailensa kama mtu anavyobadilisha kandambili.

Na mtu wa nyuma, usimfanye mzigo. Kama una mwenzio utakayempakia, mpeleke akakae. Siti ya nyuma ya kruza nyingi ni kipande cha mkate. Imewekwa pale kwa adabu tu. Mwulize baada ya nusu saa, akiwa ameshashuka, na umtazame usoni, si maneno yake. Niliwahi kupakia mdogo wetu mmoja hadi Kibaha, kila nikiuliza "uko sawa?" anasema "nzuri dada". Tulipofika alikataa kukaa kwenye kiti siku nzima.

Breki nazo zijaribu ukiwa na akili timamu, barabara kavu, hakuna gari nyuma. Sisi tuliofundishwa na vijana wa kijiweni tuna tabia ya kushika breki ya nyuma peke yake, tukiogopa ya mbele itaturusha. Kwenye kruza, ya nyuma inasaidia zaidi kuliko kwenye pikipiki nyingine, kwa sababu uzito umekaa nyuma na mwili ni mrefu, lakini peke yake haikusimamishi; gurudumu litafunga na mkia utakuja kukutazama. Zishike zote mbili, ya mbele kwa kubana polepole kama unakamua tui. Na ukipata kipande cha kufikia 80, uone upepo unavyokusukuma kifua. Umekaa wima na mikono imefunguka, umekuwa tanga la jahazi. Kwa dakika tano ni raha. Mpaka Chalinze ni shingo.

Muuzaji atakuwa na sharti lake, na ana haki, mali ni yake. Atataka uache kitu. Acha kitambulisho na rafiki, au acha pikipiki yako ya zamani. Pesa taslimu usiache bila karatasi iliyoandikwa na kutiwa saini na nyote wawili. Muulize kabla hujapanda: nikiiangusha tunafanyaje? Wengi watakwambia "ukiiangusha umeinunua" huku wakicheka. Usicheke naye. Kubalianeni nani analipa nini, na uangalie kama bima ipo hai, maana ile bima ndogo ya lazima inamlipa utakayemgonga, haikutengenezei wewe hilo tangi. Akitaka kukaa nyuma yako, mkubalie, umempata mtu wa kujaribia uzito. Ila mwombe anyamaze. Maana wapo wanaokusifia pikipiki sikioni safari nzima, ukashindwa kusikia injini ikilalamika.

Na akikataa kabisa usiiguse barabara? Mdogo wangu, mtu anayekuuzia mbuzi kwenye gunia mwachie gunia lake. Najua utaniambia ngojangoja huumiza matumbo, kuna wale wateja wawili wa kesho. Wale wateja nawajua. Nilipokwenda mimi walikuwepo, alipokwenda kaka yangu walikuwepo, nadhani sasa wana wajukuu. Waache wanunue.

Hii ya zamani unayosema imekwisha, imekwisha kweli au umeichoka? Nauliza kwa sababu umesema hela ipo, hukusema injini imekufa. Kama bado inatembea, usiiuze kwanza. Usiache mbachao kwa msala upitao. Asubuhi ile ile, kabla hujaenda kwa muuzaji, iendeshe ya zamani njia ile ile ya Jumatatu, foleni ile ile, matuta yale yale. Ndipo upande mpya. Nimeona watu wawili wakirudi kutoka huko wakabadilisha siti na shokapu za ile ya zamani, wakaweka akiba iliyobaki, na wote wawili bado wanaendesha. Na nimeona mmoja aliyerudi akasema hapana dada, ile mpya imenikaa mwilini kama kanzu ya kushonewa. Naye nikamwambia nenda, baraka zote. Sikatai kruza. Nakataa mwembe.

Ukishamaliza kuijaribu, usilipe siku hiyo. Mpe asante muuzaji, mwambie utampigia, nenda nyumbani ukalale. Asubuhi kabla hujainuka kitandani, usikilize kiuno. Sikiliza viganja, shingo, paja la kulia. Furaha ya jana itakuwa imepoa kama injini, na hapo mwili husema. Kiuno kikikaa kimya, na bado unaitaka, basi umepata jibu bora kuliko la fundi yeyote. Kikilia baada ya saa moja tu ya majaribio, usijiambie kitazoea. Hicho ndicho kiuno cha pekee ulicho nacho, na spea zake Kariakoo hazipo.

Kwa kuwa tumetaja spea: kabla ya kulipa, pita Kariakoo ukaulizie pedi za breki na kebo ya klachi za hiyo hiyo unayotaka. Boxer utapata kila meza. Za kruza ya Japani utaambiwa "njoo Alhamisi", na Alhamisi hiyo haina tarehe. Haikuzuii kununua, ila ujue. Karatasi najua unazijua: namba ya chesisi na ya injini zilingane na kadi, jina kwenye kadi liwe la anayekuuzia, na umiliki uhamishwe TRA kwa TIN yako na yake. Usiendeshe miezi sita kwa kadi ya mtu mwingine kwa sababu eti mnaaminiana.

Nimekusema sana leo. Ungekuwa hapa ningekupa na chapati uache kununa. Lakini ningekuacha uzunguke mwembe kama mimi, siku ukiniletea hilo jeraha la paja ningekutazama kwa macho gani?

Mpigie muuzaji leo jioni. Mwambie Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, injini baridi, na barabara, siyo uani. Helmeti nenda na yako. Ukirudi niandikie tena, na safari hii sitaki kusikia rangi wala sailensa. Niambie tuta la kwanza lilikuwa wapi, na Jumanne asubuhi uliamkaje.